Mwongozo mmoja kwa mwanagenzi na fundi mzoefu

Miongozo ninayoiandika hapa Goma ya kufunga mitambo midogo ya sola husomwa na watu wa aina mbili: kijana anayeshika bisibisi kwa mara ya kwanza, na fundi anayetafuta namba moja tu ili aendelee na kazi. Zamani niliandika vitabu viwili, nikawa narekebisha kimoja na kusahau kingine, mpaka vikaanza kupingana. Siku hizi naandika kimoja, kwa kufuata hatua hizi.

Hatua ya 1. Fanya kazi yenyewe ukiwa na daftari, uandike kila tendo unapolifanya, kwa kuwa mkono uliozoea hufanya mengi ambayo kichwa hakiyakumbuki.

Hatua ya 2. Anza kila hatua kwa amri fupi yenye herufi nzito: «Unganisha betri na kidhibiti chaji kabla ya paneli.» Mzoefu ataishia hapo. Chini yake, kwa herufi za kawaida, mweleze mwanagenzi sababu: vidhibiti vingi, yaani vifaa vinavyosimamia umeme unaotoka kwenye paneli kwenda kwenye betri, hutambua kupitia betri kama mfumo ni wa volti 12 au 24, na kikipokea umeme wa paneli bila betri kinaweza kuharibika. Kisha mwambie ni taa gani itawaka akifanya sawasawa. Sentensi hii ndiyo tunayoisahau mara nyingi, ilhali bila hiyo anayejifunza hajui kama aendelee au asimame. Onyo litangulie tendo, nalo liwe na herufi nzito, maana hata mzoefu hupitiwa.

Hatua ya 3. Kwa kuwa wengi wetu tulijifunza majina ya vifaa kwa Kifaransa, taja mara moja kwamba kidhibiti chaji ndicho regilateri, kisha ushikilie jina moja hadi mwisho.

Hatua ya 4. Namba zote zikae kwenye jedwali la ukurasa wa mwisho: unene wa nyaya, misimbo ya hitilafu, na volti za betri ya asidi ya volti 12 iliyopumzika (haichajiwi wala haitumiki), yaani takriban 12.7 ikiwa imejaa na 12.2 ikiwa nusu.

Hatua ya 5. Mpe mwanagenzi mwongozo afanye kazi, nawe ukae kimya, ukitia alama kila anaposita. Mimi niliwahi kuandika «kaza vizuri», na kijana mmoja akakaza mpaka skrubu ikakatika. Sasa naandika: «Kaza mpaka waya usichomoke ukiuvuta kwa mkono.»