Somo: Kuchagua rangi ya mbawa za dirisha za ndani (tafadhali someni kabla ya kuuliza)

Tangu nilipoonyesha picha za sebule yangu nimeulizwa swali hili mara nyingi mno, na kila mara nimelijibu upya kana kwamba ni geni. Kwa hiyo ninaliandika hapa mara moja, ili atakayeuliza kesho aelekezwe huku. Ninazungumzia mbawa za mbao zinazofungukia chumbani, nyuma ya nondo, kama zilivyo katika nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa Unguja. Wengine huziita shata. Mbawa za nje zina shida zake za mvua na jua, na hazimo katika somo hili.

Hatua ya 1. Kagua mbao. Ikiwa ni mvule, mninga au msaji mzuri ambao haujawahi kupakwa rangi, tia vanishi na uishie hapa.

Hatua ya 2. Jua dirisha linaelekea wapi. Unguja iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la mchana huwa upande wa kaskazini kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, kisha huhamia kusini kwa miezi iliyobaki. Ushauri wa Ulaya kwamba chumba cha kaskazini ni cha baridi na kinahitaji rangi ya joto hautufai sisi. Madirisha ya kutazamwa kwa makini zaidi ni ya mashariki na magharibi, kwani huko jua huingia likiwa chini na kupenya hadi ukuta wa pili.

Hatua ya 3. Chagua rangi tatu za kujaribu. Zikizidi hapo utachanganyikiwa.

Hatua ya 4. Jaribu rangi juu ya ubao, dirishani, kwa siku mbili. Hapa ndipo nilipoharibu mimi, na ndiyo sababu hasa ya somo hili. Nilikwenda dukani, nikapewa kikaratasi cha rangi kisichozidi upana wa vidole vitatu, nikakitazama chini ya taa nyeupe ya dukani, nikapenda kijani kilichofanana na jani changa la mgomba. Nilipaka madirisha manne, mbawa nane, zote za luva, yaani za vibao vya mlalo vilivyopangwa kwa kuinama na kuacha nafasi baina yake. Asubuhi ya kwanza nilipozifunga nusu, jua lilipiga juu ya vibao, likarudi chumbani likiwa limebeba ule ukijani. Dari ikawa kijani, chokaa ya ukutani ikawa kijani, na shangazi yangu alipoingia aliniuliza nina homa ya siku ngapi. Ilinichukua wiki tatu kukwangua. Kosa langu lilikuwa kuichagua rangi ya mbawa kama mtu achaguaye rangi ya ukuta. Ukuta hupokea mwanga uliokwisha kuingia, lakini luva ndiyo inayoupitisha, na kila kibao huugeuza mwanga kabla haujakufikia wewe.

Kwa hiyo chukua ubao wa mbao ileile, wenye urefu usiopungua sentimita 40, uupake tabaka mbili pande zote, uuache ukauke kabisa, kisha uuweke dirishani kwa mlalo ule ule wa kibao cha luva. Utazame asubuhi, adhuhuri na jioni baada ya kuwasha taa. Shika karatasi nyeupe karibu na ubao: rangi utakayoiona juu ya karatasi ndiyo itakayokuwa juu ya nyuso za wageni wako. Tahadhari tatu: usiubandike ubao ukutani, usiamue rangi ikiwa mbichi, kwa sababu rangi nyingi za maji huonekana nyepesi kabla ya kukauka, na usitumie balbu ya jirani, kwani balbu ya manjano na balbu nyeupe haziionyeshi rangi moja kwa namna moja.

Hatua ya 5. Amua uzito wa rangi. Rangi hafifu hulainisha mpito baina ya mwanga mkali wa nje na giza la ukuta, ilhali rangi nzito huacha michirizi mikali inayochosha macho. Upande unaopigwa na jua mbawa zikiwa zimefungwa uwe hafifu, kwa sababu rangi nzito hunywa joto na mbawa hizi zimo ndani, hivyo joto hilo hulitoi tena. Chumba cha kulala ni jambo jingine: anayetaka giza la kulalia mchana anaweza kupaka nzito na kuvumilia joto lake.

Hatua ya 6. Nunua rangi yote siku moja na uchanganye makopo katika ndoo moja. Lita moja hufunika takriban mita za mraba 10 kwa tabaka moja, lakini kwa luva zidisha eneo angalau mara moja na nusu.

Hatua ya 7. Msasa, praima (rangi ya msingi inayotangulia), kisha tabaka mbili nyembamba za rangi yako. Ikiwa mbawa ni za zamani, rangi ya chini huenda ina madini ya risasi. Piga msasa wa maji, funika pua na mdomo, na watoto wasiwe karibu.

MASWALI

Mwanachama, Dar es Salaam: Ahsante. Sasa kwa kifupi, rangi gani ni nzuri?

Jibu: Hatua ya 4. Na hukusema dirisha lako linaelekea wapi.

Mwanachama, Mombasa: Fundi wangu ana miaka ishirini kazini na anasema nyeupe ya mafuta haimkosei mtu. Naona unatutia hofu bure.

Jibu: Simdharau fundi wako, na sikuandika kwamba nyeupe ni mbaya. Ila nyeupe ya mafuta ikikosa mwanga hugeuka manjano, na mbawa za ndani hushinda zimekunjwa ukutani, upande mmoja ukiwa gizani. Baada ya miaka michache utakuwa na mbawa zenye pande mbili zisizofanana. Akitaka nyeupe, apake nyeupe ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya mbao. Hilo nalo angeweza kukwambia.

Mwanachama, Maskati: Assalamu alaykum. Mimi ni mtu wa Unguja ninayeishi Oman. Je, ile kanuni ya kaskazini na kusini inabaki vilevile huku?

Jibu: Wa alaykumu s-salaam, ndugu yangu. Hapana, na umefanya vyema kuuliza. Maskati iko kaskazini kidogo tu ya Tropiki ya Kansa, mstari ambao jua la utosini haliuvuki kwenda kaskazini, kwa hiyo jua la adhuhuri kwenu huwa upande wa kusini mwaka mzima. Mwezi Juni huwa karibu na utosi, na Desemba hushuka na kuingia ndani kabisa. Dirisha lako la kaskazini hupata jua la pembeni tu, asubuhi na jioni za kiangazi, na hapo unaweza kuthubutu rangi nzito zaidi. La kusini liwe hafifu. Vilevile fikiria vumbi: nyeupe safi huonyesha kila chembe, nyeusi huonyesha zaidi, lakini rangi ya mchanga au kijivu hafifu husitiri. Ukijaribu, tuletee picha.

Mwanachama, Tanga: Nimeshapaka bluu bila kujaribu, na chumba kimekuwa kama chini ya bahari. Kuna njia isiyokuwa kukwangua?

Jibu: Pole sana. Kama rangi imeshika vizuri, huna haja ya kukwangua kama nilivyofanya mimi, ambaye tabaka zangu zilikuwa nene na zilianza kubanduka. Piga msasa mwepesi, tia praima, kisha paka upya nyeupe iliyotiwa tone la ile bluu. Vibao vitaacha kupaka nyuso za watu, na fremu unaweza kuiacha bluu kama unaipenda.

Mwanachama, Lamu: Zangu zina rangi nzuri ila zimegandana wakati wa masika, nikivuta rangi inabanduka.

Jibu: Tabaka zilikuwa nene au ulizifunga mapema. Ziache wazi kwa wiki nzima baada ya kupaka, hata zikionekana kavu. Zilizokwisha kugandana zitenganishe kwa kisu chembamba, lainisha kingo kwa msasa, kisha sugua mshumaa mweupe mahali zinapokutana.

Mwanachama, Lamu: Mshumaa umefaa. Bawaba je? Zinalia kama paka.

Jibu: Ng'oa pini, ifute kutu, tia tone la mafuta ya cherehani. Usitie mafuta ya nazi. Huganda na kukusanya vumbi.

Mwanachama, Dar es Salaam: Dirisha linaelekea magharibi.

Jibu: Sasa tunazungumza. Rangi hafifu, na ubao wako uutazame zaidi kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni. Umeshachagua zile tatu?