Anza na Aya ya Pili: Namna ya Kusoma Habari za Usajili wa Wachezaji

Kichwa kikubwa cha ukurasa wa mbele kwa kawaida hakiandikwi na mwandishi aliyeifuata habari. Nakwambia hili mapema kwa sababu wasomaji wengi niliokaa nao hawalijui. Mwandishi anatoka mazoezini, anaandika habari yake, anaituma. Kichwa kinawekwa usiku na mhariri wa zamu, gazeti likiwa karibu kuingia mtamboni, na anachotafuta ni maneno mawili au matatu yatakayosomwa na mtu aliye dirishani kwenye daladala. Nimekaa kwenye kiti hicho miaka tisa, dawati la michezo, hapa Dar es Salaam. Ninayokuelekeza hapa ni yale niliyokuwa nikiyafanya kwa mkono wangu.

Ukilishika gazeti, au ukifungua habari kwenye simu, ruka kichwa, ruka na aya ya kwanza, nenda aya ya pili ukatafute kitenzi. Aya ya kwanza mara nyingi inarudia kichwa kwa maneno marefu zaidi. Kwenye ya pili ndipo mwandishi anapoandika alichokipata kweli. Kichwa kikisema "AMWAGA WINO", yaani amesaini mkataba, na aya ya pili ikasema "inaelezwa kuwa mazungumzo yamefikia hatua nzuri", basi uliyonayo mkononi ni habari ya mazungumzo.

Vitenzi vina uzito tofauti, vizoee. "Anatajwa" maana yake kuna mtu kamtaja, na huyo mtu anaweza kuwa yeyote. "Anawindwa" hakidai kwamba klabu imepeleka ofa. "Amekubaliana na klabu" kinaweza kuwa kweli kabisa kwa upande wa mshahara huku klabu yake ya sasa haijaulizwa kitu. "Amesaini" kinapaswa kuja na idadi ya miaka na jina la aliyesema. Kisha kuna "inaelezwa", "inadaiwa" na "imefahamika". Hivi ndivyo vya kuviangalia sana, maana vinamficha mtendaji. Kila ukikutana navyo, jiulize palepale: inaelezwa na nani? Kama habari nzima inaisha bila jibu, iweke pembeni hadi kesho. Mwandishi anayeandika "tumeuona mkataba" amejifunga mwenyewe. Likumbuke jina lake, na baada ya dirisha la usajili kufungwa rudi umpime.

Nitakueleza kwa nini nalishikilia hili. Kulikuwa na beki wa kushoto, kijana wa Tanga, akichezea timu ya mkoani. Habari ilinifikia saa tatu usiku: mmoja wa wakubwa wa Kariakoo, Simba au Yanga, anamtaka, mazungumzo yameanza. Mwandishi alikuwa ameandika kwa uangalifu, "inaelezwa", "huenda", "vyanzo vya karibu". Ukurasa wa mbele ulikuwa hauna kitu. Nikaweka maneno mawili kwa rangi nyekundu: "AMWAGA WINO". Asubuhi redio zikasoma vichwa vya magazeti kama kawaida yao, na kichwa changu kikapita nchi nzima bila ile aya ya pili. Pale kwenye meza za magazeti, kina baba wakasimama, wakasoma ukurasa wa mbele uliotandazwa, wakaenda kazini nao hivyohivyo. Jumamosi yake mashabiki wa timu yake wakamzomea kuanzia anapasha misuli. Kocha akamtoa kikosini. Mazungumzo yenyewe yakafa.

Wiki tatu baadaye mama yake akapiga simu ofisini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniambia kwa sauti ya taratibu: "Mwanangu, mmeandika mwanangu kapewa hela. Watu wanakuja hapa nyumbani kukopa, na nikisema sina wananuna. Hizo hela ziko wapi?" Sikuwa na la kumjibu. Simu hiyo sijaisahau, na tangu siku ile kila "inaelezwa" naisoma mara mbili.

Ukishapata kitenzi, tafuta mwenye faida. Habari ya usajili haidondoki toka mbinguni. Kuna mtu kapiga simu. Mara nyingi ni meneja wa mchezaji. Mchezaji aliyebakiza miezi michache kwenye mkataba akitajwa kutakiwa na klabu ya Afrika Kusini au ya Uarabuni, dau lake nyumbani linapanda, hata kama klabu hiyo haijawahi kumwona. Wakati mwingine ni kiongozi wa klabu anayepima upepo: jina linavujishwa, mashabiki wakishangilia linafuatwa, wakiguna linaachwa. Na kuna wasemaji wa klabu, ambao kwetu wana umaarufu wa straika. Kazi yao ni kuisemea klabu na wanaifanya vizuri. Wasikilize kwa kujua hivyo.

Halafu shika kalenda. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji aliyebakiza miezi sita au pungufu kwenye mkataba anaruhusiwa kuingia mkataba na klabu nyingine. Aliyebakiza zaidi, klabu mpya inapaswa kwenda kwanza kwa klabu yake. Kwa hiyo kabla ya kubishana, uliza mkataba wake unaisha lini. Clatous Chama alipotoka Simba kwenda Yanga Julai 2024, watu walishtuka kama wamemwagiwa maji, lakini mkataba wake ulikuwa umefika mwisho, na aliyekuwa na kalenda alijua mlango uko wazi. Linganisha na Feisal Salum. Desemba 2022 aliandika kuvunja mkataba na Yanga, na vichwa vikamhamisha siku hiyohiyo. Januari 2023 kamati ya TFF, shirikisho la soka la Tanzania, ikasema bado ni mchezaji wa Yanga. Alihamia Azam FC mwezi Juni, baada ya klabu mbili kukaa mezani. Katikati hapo ni miezi ya kurasa za mbele, na aliyeufuata mkataba peke yake hakuhitaji kununua hata moja.

Kwa mchezaji anayetoka klabu ya nchi nyingine kuna karatasi nyingine. Tangu 2010 uhamisho wa kimataifa wa wachezaji wa kulipwa unapita kwenye mfumo wa FIFA wa TMS, na hawezi kucheza bila hati ya uhamisho ya ITC. "Ametua uwanja wa ndege" na "atacheza Jumapili" ni mambo mawili, na katikati yake pana makaratasi.

Picha ya mchezaji akiwa na jezi mpya ichunguze shingoni, ndipo kichwa kinapopandikizwa, na usome jina la mdhamini kifuani. Kwenye picha ya kughushi, mara nyingi ni la msimu uliopita. Ukurasa wa klabu mtandaoni uhesabu herufi zake, maana feki huongeza moja.

Redio inataka utulivu zaidi, kwa sababu sauti inashawishi kuliko maandishi. Nazipenda sana hizi programu za michezo. Nimezisikiliza jikoni, garini, hospitalini. Lakini mchambuzi mpime kwa kitu kimoja: je, anataja alichokiona? Anayesema "timu haina muunganiko" hajakwambia kitu bado. Anayesema kwamba kiungo mkabaji alikuwa akishuka katikati ya mabeki wa kati kila beki wa kulia akipanda, na nafasi iliyobaki ndiyo iliyotumika kwenye bao la pili, huyo alikaa akatazama. Siku hizi unaweza kumhakiki mwenyewe. Azam Media walisaini na TFF mwaka 2021 mkataba wa miaka 10 wa Sh225.6 bilioni kuonyesha Ligi Kuu, na mechi ambazo zamani tulisimuliwa tu sasa ziko sebuleni. Chagua mechi moja, tazama dakika 90 ukiwa na daftari, andika mambo matatu uliyoyaona, kisha ndipo ufungue redio. Ukifanya hivyo wiki nne, utajua nani wa kumsikiliza. Wakati huohuo kumbuka kwamba Azam TV na Azam FC zote zinatoka nyumba moja ya biashara, ya Bakhresa. Kujua mwenye kipaza sauti ni sehemu ya kusikiliza, iwe kwake au kwa wengine wote.

Jifunze pia kutenganisha tokeo na tafsiri. Fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023: Yanga walifungwa 2-1 na USM Alger kwenye Uwanja wa Mkapa, Dar es Salaam, wakaenda Algiers wakashinda 1-0, jumla 2-2, kombe likabaki Algeria kwa kanuni ya bao la ugenini, maana USM Alger walifunga mawili ugenini na Yanga moja. Hapo unaweza kuandika "Yanga yalikosa kombe" na unaweza kuandika "Yanga yawapiga Waarabu kwao", na vyote viwili ni kweli tupu. Ukiwa shabiki wa Simba utakipenda kimoja, ukiwa wa Yanga utakipenda kingine. Kile unachokipenda ndicho cha kukikagua kwanza. Najua ni vigumu. Mimi mwenyewe nina timu, na nimeshajikuta nikisambaza habari kwa sababu tu imenikuna.

Kabla ya kutuma kwenye kundi la WhatsApp, iandike upya kwa sentensi moja ya kwako ikiwa na jina la aliyesema. "Msemaji wa klabu kasema wamemalizana naye." "Meneja kasema ana ofa tatu." Kama sentensi haikamiliki bila "inasemekana", usiitume. Mchezaji ana nyumbani kwao.

Na habari ikithibitika kuwa ya uongo, usiishie kulalamika kijiweni. Piga picha ukurasa, weka alama kwenye sentensi yenye kosa, iandikie dawati la michezo kwa heshima, ukitaja tarehe na ukurasa, uombe masahihisho. Niamini, barua ya namna hiyo inasomwa kwenye kikao cha asubuhi. Aliyeumizwa na habari anaweza pia kulalamika Baraza la Habari Tanzania, ambalo husuluhisha kati yake na chombo husika. Yule mama wa Tanga hakujua lolote kati ya haya, nami sikumwambia. Masahihisho tuliyaweka ukurasa wa ndani, mistari minne, chini ya matokeo ya ligi daraja la kwanza. Kwa hiyo ukiandika, taja na mahali unapotaka yawekwe: ukurasa uleule uliobeba kosa, kwa herufi za ukubwa uleule.