Kukaza mwili bila kujinyima chakula
Mimi nilianza na kuchuchumaa tu: mara 12, seti 3 (yaani mizunguko 3 ya hizo 12), siku 3 kwa wiki. Shuka polepole ukihesabu hadi 3, visigino visiinuke, kisha panda kwa nguvu. Zile mara 2 za mwisho zisipokuwa ngumu, shika uzito mkononi. Baadaye ongeza pushapu. Misuli hujengeka ukipumzika, kwa hiyo ruka siku moja katikati.

Chakula usijinyime, nakusihi. Nina kilo 70, nakula kama gramu 110 za protini kwa siku: mayai, maharage, samaki. Soda niliacha kabisa. Na tumbo? Huwezi kuchagua mafuta yapungue sehemu gani ya mwili, hivyo usijitese na zoezi la kujikunja tumbo mara 200. Kwangu suruali ilianza kulegea kiunoni wiki ya 8.