Gemu za kufundishia darasani: anza na simu yako moja tu

Walimu wenzangu, wengi wetu tukisikia gemu za mtandaoni tunakata tamaa mapema kwa sababu watoto hawana simu na kompyuta hakuna, sasa mimi naomba uanze na Plickers, programu ya simu ya kuuliza maswali darasani, maana yenyewe inataka simu moja tu, ya kwako. Unafungua akaunti, unaandika majina ya darasa, kila mtoto anapata namba yake, alafu unaprinti kadi. Kadi ina mchoro mweusi kama ule wa QR, na kwenye pande zake nne kuna A, B, C na D zimeandikwa ndogo kabisa. Ukiuliza swali mtoto anageuza kadi herufi ya jibu lake ikae juu, anainyanyua, wewe unapitisha kamera taratibu darasa zima na majibu yanaingia yenyewe. Kuangaliziana hapo ni ngumu kwa sababu kila kadi ina mchoro wake, na hata yule asiyenyooshaga mkono mwaka mzima leo anajibu. Waambie tu vidole visizibe mchoro, na ukitaka kuzifunika kadi kwa plastiki tafuta isiyong'aa, la sivyo kamera itagoma kusoma.

Sasa kazi yenyewe ndo inaanzia hapa. Umeuliza ipi kubwa, 1/3 au 1/4, nusu ya darasa wamesema 1/4 kwa sababu eti 4 inaizidi 3. Usitaje jibu! Waache wabishane na jirani dakika 2, kila mtu amweleze mwenzake kwa nini, alafu rudia swali lile lile uone majibu yanavyohama. Mimi hapo ndo napapenda kuliko pointi zote.

Kama vifaa vipo, Kahoot, gemu ya maswali ya mtandaoni ambayo watoto wanajibu kwa simu au kompyuta, inachangamsha kweli, ila inatoa pointi nyingi kwa anayewahi, kwahiyo mtoto anayefikiri polepole anaumia na anaanza kubahatisha. Ongeza muda wa swali, au wacheze kwa timu, simu moja watoto wanne.

Kwa sayansi na hesabu nenda PhET, tovuti ya majaribio ya kuigiza kwenye skrini ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, ipo tangu 2002, bure, na majaribio yake mengi unadaunlodi nyumbani unayafungua darasani bila intaneti. Ile ya saketi za umeme usiikose, mtoto anavuta betri, waya na balbu anaunganisha mwenyewe, akiunga waya toka upande mmoja wa betri kwenda wa pili bila balbu anaona moto unawaka kwenye skrini, na hakuna aliyeungua. Jiometri na grafu, GeoGebra, programu ya kuchora maumbo na grafu, inatosha.

Jambo la mwisho, usiku kabla ya kipindi icheze yote mwenyewe kama mwanafunzi, swali la kwanza mpaka la mwisho, na maswali yawe 5 au 6 tu ili muda wa kubishana ubaki.