Mawazo Yakikuzidi: Maelekezo Kutoka Mwalo wa Kibirizi

Sisi wauza dagaa wa Kibirizi, mwalo wa kushushia samaki hapa Kigoma, tuna mabwana watatu wasioambilika: mvua, mwezi na mdai. Mvua ikiwakuta dagaa wameanikwa, mtaji umelowa. Mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazivuti samaki, mitumbwi inabaki ufukweni. Mdai yeye hana msimu. Haya ninayoandika ndiyo ninayowaambia kina mama wanaoingia kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa, maana nimeona wengi wakiiacha biashara kwa kukosa usingizi, na wateja bado wapo.

Anza na mwili. Usipige hesabu ya deni moyo ukiwa unakwenda mbio, hutapata jibu la maana. Geuza ndoo ukae, legeza mabega na taya. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu moja hadi nne, kisha itoe taratibu ukihesabu hadi sita. Kazi yote iko kwenye kutoa, kwa sababu mapigo ya moyo hupungua kidogo kila unapotoa pumzi, na ukiirefusha mwili unaanza kutulia wenyewe. Dakika tatu au nne zinatosha. Ukisikia kizunguzungu, unavuta kwa nguvu mno. Acha, pumua kawaida. Mimi nawaambia wafanye hivyo kabla ya kupokea simu ya mdai, maana sauti ya mtu aliyepumua vizuri haimchokozi mwenzake.

Sasa daftari, na hapa ndipo nataka tukae. Mawazo yakibaki kichwani yanazunguka yaleyale, na kila yakipita yanaonekana makubwa zaidi. Yaandike. Sisemi uandike unavyojisikia, ingawa wapo wanaosaidika hivyo. Nasema andika nani anadai, kiasi gani, siku gani. Andika ada ya mtoto, gunia lililoharibika, mume asiyetuma hela. Chagua wakati maalumu wa kazi hiyo. Kwetu saa kumi jioni inafaa, dagaa wakishaanuliwa na kabla ya kupika. Nusu saa, usizidishe. Kwa kila jambo jiulize: leo hii naweza kulifanyia nini? Likiwa na jibu, fanya hapohapo, hata kama ni simu tu. Lisipokuwa na jibu, litie alama uende kwa linalofuata. Wasiwasi ukikuamsha saa nane usiku, andika neno moja gizani ulale. Saa yake ni kesho jioni. Siku za kwanza wasiwasi hautasikia. Baadaye unazoea kungoja.

Nitoe mfano. Ijumaa unatakiwa marejesho ya shilingi 200,000, na mkononi una 60,000. Mpigie mweka hazina wa kikundi Jumatano. Mwambie, "Dada, nina sitini, iliyobaki naomba mpaka giza lirudi wavuvi waingie ziwani." Atanung'unika, lakini anayeambiwa mapema hunung'unika nusu. Usikimbilie mkopo wa kausha damu, ule wa riba ya kunyonga, ili uonekane mlipaji mzuri kikundini. Hapo umemtoa mdai anayekufahamu ukamleta anayekuja kubeba godoro.

Mashaka mengine yana tarehe, na hayo hayana sababu ya kukushtua. Mwezi mpevu unarudi kila baada ya siku 29 na nusu. Zungushia siku hizo kwenye kalenda, na usikubali marejesho makubwa yaangukie humo. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Waliokuwa na mawese ya kuuza pembeni waliipita miezi ile wakiwa na afadhali.

Kutembea kunasaidia. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo unaochangamsha mwili. Anayebeba ndoo za dagaa kutwa simwambii hayo. Yeye namwambia akae. Wenye maduka Mwanga, hapa Kigoma mjini, ndio watelemke kwa miguu mpaka stesheni na kupanda tena, simu wakiiacha dukani.

Kahawa ni kesi ngumu, hasa kwa watu wa Ujiji. Baraza la jioni ni dawa kweli: unacheka, unasikia shida za wenzako, unarudi mwepesi. Ila kafeini haiondoki upesi. Saa tano hivi baada ya kunywa, karibu nusu yake bado imo mwilini. Basi nenda barazani, kunywa chai ya tangawizi isiyo na majani, wakutanie. Pombe nayo inakulaza haraka kisha inakuamsha alfajiri. Magrupu ya WhatsApp yanyamazishe usiku, hakuna mazishi utakayoyakosa, utapigiwa.

Tafuta mtu mmoja wa kumwambia. Mchague anayesikiliza mpaka mwisho. Yule anayekukatiza na "mimi mbona yalinikuta makubwa zaidi" mwachie salamu tu. Kama una mwenza, kiasi cha deni akijue kutoka kinywani mwako kabla hajakisikia mwaloni.

Yapo mambo yasiyo ya daftari wala pumzi. Maumivu ya kifua usiyaite mawazo, nenda hospitali siku hiyohiyo. Ukikaa wiki mbili hulali, huli, hutaki hata kuongea na watoto, nenda kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Maweni. Ukianza kuona afadhali ufe, usingoje wiki wala kesho, na usibaki peke yako: mwambie mtu akupeleke sasa hivi. Ukifika dirishani usiseme "kichwa kinauma" kwa kuona aibu, utapewa panadoli urudishwe nyumbani. Mwambie daktari lile lile unalojiambia usiku.