Kabla ya Kupiga Hema Gold Bluffs Beach: Mambo ya Kuzingatia

Kaskazini mwa California, karibu na mji mdogo wa Orick, kuna kambi iliyokaa juu ya mchanga wenyewe. Mbele yake ni bahari ya Pasifiki, nyuma yake genge refu lililofunikwa na miti, na ukipanda bondeni nyuma ya genge unaingia katika msitu wa redwudi, miti mirefu kuliko yote duniani. Kambi hiyo ni Gold Bluffs Beach, ndani ya hifadhi ya Prairie Creek Redwoods. Jina linatokana na dhahabu iliyoonekana mchangani humo mwaka 1850. Ndugu zetu wanaoishi Oakland, Sacramento au Portland wanaweza kufika kwa gari ndani ya siku moja, na ninawasihi wafike. Ila aliyezoea pwani ya Tanga, Mombasa au Unguja aweke mazoea hayo kando. Maji ya Bahari ya Hindi huwa na joto la nyuzi 25 hadi 29 za Selsiasi. Haya ya huku ni kama nyuzi 10 hadi 13, hata mwezi wa Julai. Kinachowaharibia watu safari hapa, mara nyingi kuliko kitu kingine chochote, ni baridi iliyochanganyika na maji, na dawa yake huandaliwa nyumbani.

Nafasi kwanza. Kambi ni ndogo, sehemu zake za kupiga hema hazifiki thelathini, na huhifadhiwa kwa njia ya mtandao kupitia ReserveCalifornia hadi miezi sita kabla. Ukiitaka wikendi ya kiangazi, ingia siku ile ile dirisha linapofunguliwa. Bila nafasi iliyohifadhiwa, usiende kubahatisha. Siku mbili kabla ya kuondoka, tazama tena tangazo la hifadhi kuhusu barabara, kwa sababu Davison Road, inayotoka barabara kuu ya 101 kwenda ufukweni, ni ya vumbi na changarawe, nyembamba, yenye kona, na sehemu nyingine inakatizwa na vijito. Mvua kubwa ikinyesha inaweza kufungwa. Gari la kuvuta tela haliruhusiwi, wala gari lenye urefu unaozidi futi 24, yaani mita 7 na kidogo. Kama gari ni la kukodi, soma mkataba: baadhi ya kampuni hazikubali gari lao lipite barabara isiyo na lami.

Jaza mafuta na ununue chakula kabla ya Orick. Ukitoka kusini, Arcata na Eureka zina kila kitu. Ukitoka kaskazini, Crescent City. Kutoka Eureka hadi Orick ni zaidi ya kilomita 60, kwa hiyo ukisahau kiberiti utakilipia kwa nusu siku. Simu nayo hupoteza mtandao, basi ramani, namba ya nafasi yako na ratiba ya maji kupwa na kujaa vipakue mapema, tena viandike na karatasini. Mwachie mtu wa nyumbani jina la kambi na siku unayotarajia kurudi.

Sasa baridi. Ni vizuri kuelewa inatoka wapi, maana ukielewa hutadanganywa na utabiri wa hali ya hewa wa mji mwingine. Majira ya joto, pepo za kaskazini-magharibi husukuma maji ya juu ya bahari yatoke pwani, na maji baridi ya kilindini hupanda kuchukua nafasi yake. Hewa yenye unyevu ikipita juu ya maji hayo hupoa na kuwa ukungu, kisha joto la mabonde ya ndani huuvuta ukungu huo hadi nchi kavu. Ndiyo maana Redding, mji wa mabonde hayo ya ndani, unaweza kuungua kwa nyuzi 38 wakati Gold Bluffs, siku hiyo hiyo, watu wamevaa makoti kwenye nyuzi 15. Usiku hushuka hadi nyuzi 10 au chini ya hapo. Ukungu huo ndio uhai wa redwudi: miti huunywa kwa majani yake, na unaodondoka chini hunywesha mizizi wakati ambapo mvua hakuna. Lakini kinachonywesha mti kinalowesha pia hema, taulo, kiberiti na soksi ulizoanika jioni ukitumaini zitakauka. Hazitakauka.

Kwa hiyo pamba ibaki nyumbani, au iwe ya kukaa ndani ya gari tu. Jinzi, fulana ya pamba, khanga na kikoi hunywa maji, na nguo iliyolowa hulivuta joto kutoka mwilini saa zote hata kama huoni tone la mvua. Beba sufu, flisi au poliesta: nguo ya kugusa ngozi, sweta juu yake, na koti lisilopitisha maji wala upepo. Kofia ya sufu ni ya lazima hata Agosti. Tenga seti moja ya nguo za kulalia, soksi zikiwemo, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, na usizivae mchana kwa sababu yoyote ile. Mtoto akiingia kulala na nguo alizochezea mchangani, atakuamsha saa nane za usiku akitetemeka.

Begi la kulalia lichaguliwe kwa uangalifu. Namba ya baridi iliyoandikwa juu yake mara nyingi ni ya kiwango cha kuvumilia, si cha kulala usingizi. Chagua lililoandikwa nyuzi sifuri za Selsiasi au chini yake, hata kama usiku hautafika huko. Chini ya begi ndipo wengi wanapojisahau. Godoro la kupuliza lisilo na kitu ndani hujaa hewa baridi inayozunguka chini ya mgongo usiku kucha. Tandika mkeka wa sponji nene juu yake au tumia godoro lililotengenezwa kwa ajili ya kuzuia baridi. Mablanketi matatu juu hayasaidii kitu kama chini hakuna kizuizi.

Hema lenyewe liwe na turubai la juu linaloshuka karibu na ardhi, na usizibe matundu yake ya hewa. Familia ya watu wanne hutoa maji mengi kwa pumzi, na hema likifungwa kabisa maji hayo hugeuka matone kwenye kuta na kuwadondokea alfajiri. Ukitandika turubai chini, lisichomoze nje ya hema hata kidogo, au litakusanya maji na kuyapeleka chini ya migongo yenu. Kuhusu upepo: vigingi vyembamba vinavyokuja na hema havishiki mchangani. Nunua virefu na vipana, au chukua mifuko imara, ijaze mchanga, ifunge kamba za hema na uifukie kwa kina. Elekeza upande mfupi wa hema baharini, na gari liegeshwe upande upepo unakotoka, kama nafasi inaruhusu. Yote haya yajaribiwe nyumbani au kwenye bustani ya jirani, mchana, kabla ya kuyafanya gizani pepo zikikunyang'anya turubai.

Na hili nalisema kwa uzito wote: jiko la mkaa au la gesi lisiingizwe ndani ya hema, hata kwa dakika tano za kupasha joto, hata likiwa limebaki makaa tu. Gesi ya kaboni monoksidi haina harufu, na mtu hulala asiamke. Pikia nje, ukikinga jiko kwa bati au kwa mwili wa gari. Ugali kwenye upepo ule ni kazi kubwa. Bora chapati na maharage vilivyopikwa nyumbani vya kupasha tu, uji wa asubuhi, na chupa ya chai ya tangawizi iliyojazwa kabla ya kulala. Kuni usizibebe kutoka mbali, maana wadudu na magonjwa ya miti husafiri ndani yake. Nunua karibu na kambi na uwashe kwenye shimo la moto lililowekwa pale.

Chakula kinanileta kwenye jambo ninalolijali kuliko yote katika safari hii. Kila sehemu ya kambi ina kabati la chuma la kuwekea chakula. Watu hudhani ni kwa ajili ya dubu peke yao. Kweli, dubu weusi wapo, na kila chenye harufu kiingie humo: chakula, takataka, dawa ya meno, sabuni, hata mafuta ya nazi ya kujipaka. Ila kuna ndege mdogo wa baharini, mureleti, anayevua samaki Pasifiki na kutaga yai moja tu, juu ya tawi pana lenye kuvumwani la mti mkongwe, kilomita nyingi kutoka majini. Anajificha kiasi kwamba kiota chake cha kwanza hapa California kiligunduliwa mwaka 1974, huko Big Basin. Tangu 1992 yuko kwenye orodha ya Marekani ya viumbe walio hatarini. Makombo ya mkate tunayoyaacha mezani huwaita kunguru na ndege wa buluu wenye kishungi. Wakishazoea kuja, wanazidi kuwa wengi, na wanapomaliza makombo wanapanda mitini kutafuta mayai. Yai hilo likiliwa, mwaka wa ndege yule umekwisha. Kwa hiyo beba kitambaa cha kutandika chini ya meza wakati watoto wanakula, kikung'ute ndani ya mfuko wa taka, na ufundishe kila mtu kabla hamjatoka nyumbani. Punje za wali zihesabiwe kuwa takataka.

Elki, wanyama wakubwa wa jamii ya kulungu, hupita ufukweni na hata katikati ya mahema. Dume huweza kuzidi kilo 400. Kaa umbali wa mita 23 au zaidi. Wakija upande wako, ondoka wewe. Mei na Juni majike wana ndama, na Septemba na Oktoba madume yanagombana, hivyo majira hayo umbali uongezwe. Mbwa haruhusiwi njiani msituni. Kupe wapo, basi kagua miguu na shingo za watoto jioni, na usiguse mmea wenye majani matatu matatu yanayong'aa, kwani utomvu wake huwasha ngozi kwa siku nyingi.

Bahari ihofiwe kuliko dubu. Usipange kuogelea. Mawimbi ya pwani hii huweza kutulia kwa dakika kumi, kisha moja likapanda ufukweni mbali sana kupita mengine bila dalili yoyote. Maji yale baridi hukata pumzi na nguvu ya mikono ndani ya dakika chache. Magogo makubwa yaliyotupwa ufukweni yanaonekana kama viti vizuri, lakini wimbi dogo linatosha kuliinua gogo la tani nzima na kulibingirisha juu ya mtu. Wekeni sheria kabla ya kufika: hakuna anayeipa bahari mgongo, na mtoto anayecheza karibu na maji awe na mtu mzima wake mmoja aliyetajwa kwa jina, asiye na simu mkononi.

Kisha tsunami. Tarehe 27 Machi 1964 tetemeko la ukubwa wa 9.2 lilipiga Alaska, na saa chache baadaye mawimbi yaliingia Crescent City na kuua watu zaidi ya kumi. Baadhi yao walikuwa wamerudi mjini baada ya mawimbi ya kwanza, wakidhani yamekwisha. Hiyo ilitoka mbali, na nafasi ya kuonywa ilikuwepo. Lakini chini ya bahari ya hapa hapa kuna mpasuko wa Cascadia, ambao mara ya mwisho ulitikisika wote tarehe 26 Januari 1700. Ukitikisika tena, wimbi litafika kwa dakika tu. Mkifika kambini, kabla ya kushusha hata begi moja, tafuteni alama za njia ya kukimbilia na mwitembee wote pamoja hadi juu. Ardhi ikitikisika kwa muda mrefu au kwa nguvu, nendeni juu kwa miguu bila kusubiri king'ora na bila kuokoa vitu, na msishuke mpaka wahusika watangaze.

Kwa upande wa msitu, jua kwamba redwudi hazioti ufukweni penyewe, kwa kuwa hazipendi chumvi ya bahari. Njia ya Miners' Ridge huanzia karibu na kambi na kukupandisha hadi kwao; ukiiunganisha na James Irvine ni mzunguko wa kutwa nzima. Beba maji, chakula na tochi ya kichwani, maana chini ya miti ile giza huingia mapema. Upepo ukiwa mkali, ahirisha: matawi huanguka kutoka juu sana. Tembea kwenye njia tu, kwa kuwa mizizi ya redwudi haiendi chini sana bali husambaa mbali, na nyayo nyingi huishindilia ardhi yake. Fern Canyon, korongo lenye kuta za mita 15 zilizovikwa majani ya ferni, liko kilomita chache kaskazini. Mtalowa miguu, hivyo kila mmoja awe na jozi ya pili ya viatu. Kati ya 15 Mei na 15 Septemba wageni wa mchana wanaokuja kwa gari huhitaji kibali kilichoombwa mapema, basi waambie rafiki zako wanaotaka kuwafuata kwa siku moja.

Mwisho, weka garini mfuko mmoja mkubwa na imara wa plastiki usio na kazi nyingine. Asubuhi ya kuondoka hema litakuwa limelowa, na utalikunja hivyo hivyo. Litie humo lisiloweshe mabegi, na ufikapo nyumbani litandaze siku hiyo hiyo, kwenye baraza au juu ya mlango wa bafu, mpaka mishono yake ikauke kabisa. Likikaa siku tatu kwenye buti likiwa bichi, litaota koga, na turubai lililoota koga huanza kuvuja.