Somo: Kupiga na kuhariri video ya muziki ili picha iende na wimbo

Video nyingi za muziki huharibika kabla kamera haijawashwa, kwa sababu aliyepanga picha hakuuhesabu wimbo. Tuanzie hapo.

Hatua ya 1: Hesabu wimbo

Tafuta wimbo una mapigo mangapi kwa dakika, kisha gawanya 60 kwa idadi hiyo. Wimbo wa mapigo 100 unakupa sekunde 0.6 kwa kila pigo. Ukirekodi fremu 25 (picha moja moja zinazounda video) kwa sekunde, pigo moja ni fremu 15 kamili, na mapigo manne ni fremu 60. Wimbo wa mapigo 120 una fremu 12.5 kwa pigo. Jicho halioni nusu fremu, lakini ukikata kwa kuhesabu fremu 12 kila mara, baada ya mapigo 40 utakuwa fremu 20 nje ya mdundo. Kwa hiyo weka alama kwenye taimulaini, ule mstari wa muda wa programu ya kuhariri, huku ukisikiliza. Hesabu ikusaidie kupanga tu.

Sasa gawa wimbo: utangulizi, beti, kiitikio, sehemu ya ala tupu. Kando ya kila sehemu andika kitu kimoja ambacho mtazamaji atakuwa hajakiona bado: eneo jipya, pembe mpya, wachezaji, au kamera kuanza kutembea baada ya kutulia. Hili ndilo watu hulipuuza zaidi. Ukimaliza droni, densi na mikato ya haraka ndani ya sekunde 20 za kwanza, kiitikio kinaingia kwa nguvu masikioni lakini machoni hakuna kilichobadilika, na wimbo wenyewe unaonekana dhaifu kuliko ulivyo.

Hatua ya 2: Mipangilio

Kwa fremu 25, shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) iwe sekunde 1/50. Penye umeme wa hezi 60, taa zikimemeteka au zikichora mistari inayotembea kwenye picha, jaribu 1/60. Funga mwanga na rangi kwa mkono, usiache kamera ijiamulie. Rangi ya ngozi ikibadilika katikati ya klipu, kila mkato utaonekana kama kosa.

Hatua ya 3: Kurekodi

Kila eneo, imbisha wimbo mzima angalau mara tatu: picha pana, nusu mwili, na uso. Msanii aimbe kwa sauti kweli, asichezeshe midomo tu. Shingo na pumzi humsaliti.

Lenzi pana, mfano milimita 24, ikiwa karibu na msanii hukuza kila hatua na kila mkono unaoelekea kwenye kamera. Inafaa densi na majigambo. Lenzi ya milimita 85 huyavuta mandhari ya nyuma ya msanii yaonekane karibu naye na kuupa uso utulivu, kwa hiyo itunzie mstari wenye uchungu. Kamera ikitembea, ianze na imalize safari kwenye pigo la kwanza la kundi la manne: mapigo 8 ya wimbo wetu wa 100 ni sekunde 4.8. Acha sekunde mbili za ziada kila upande, maana mhariri huzihitaji.

Hatua ya 4: Kuhariri

Panga klipu zote za kuimba juu ya wimbo halisi, kila moja kwenye mstari wake. Kata kwanza toleo la kuimba pekee hadi lisimame lenyewe, ndipo uingize picha za hadithi na mapambo. Ukianza na mapambo utayatumia kuficha uimbaji uliolegea.

Usikate kila pigo. Wimbo wa dakika 3 na sekunde 12 kwa mapigo 100 una mapigo 320. Mtazamaji akishakariri mpangilio wako, mkato haumshtui tena. Kwenye ubeti acha picha ikae mapigo 4 hadi 8, kwenye kiitikio shuka hadi 2, kisha mahali pamoja muhimu ikatae kukatika kabisa. Mkato wenye nguvu hukutana na tendo: kichwa kinageuka, mguu unatua, mlango unafungwa. Tendo likitua juu ya ngoma, mkato wenyewe unaweza kuja fremu moja au mbili kabla, ili jicho liwe limeshafika.

Mwisho itazame bila sauti. Usipohisi kiitikio kimeingia, rudi kwenye kurefusha na kufupisha picha kabla hujagusa rangi.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, midomo inalingana mwanzoni lakini kufikia kiitikio cha pili imeachana na sauti. Nimerekodi kwa simu.

Jibu: Simu nyingi hurekodi fremu kwa kasi inayopanda na kushuka. Badilisha klipu ziwe na kasi isiyobadilika, kwa programu ya kubadilisha video kama HandBrake, kabla ya kuziingiza kwenye programu ya kuhariri.

Swali: Nataka mwendo wa pole lakini msanii aendelee kuimba sawasawa. Inawezekanaje?

Jibu: Rekodi fremu 50, shata 1/100, na spika icheze wimbo kwa kasi maradufu. Ukipunguza picha hadi nusu kwenye taimulaini ya 25, midomo inarudi mahali pake ila nguo na nywele zinaelea. Kama mashairi ni ya haraka mno, rekodi fremu 30 na ucheze wimbo kwa asilimia 120. Mwendo utalainika kidogo bila kumkosesha pumzi.

Swali: Kwenye picha ya mbali msanii anaonekana kuchelewa, ingawa nimelinganisha vizuri mawimbi ya sauti ya kamera na ya wimbo.

Jibu: Bila shaka spika ilikuwa karibu na kamera. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kila mita 14 hivi ni fremu moja. Msanii aliye mita 28 aliusikia wimbo fremu mbili baadaye. Sogeza picha mbele ya sauti kwa fremu mbili, yaani ianze mapema. Safari ijayo ficha spika ndogo miguuni pake, lakini hapo kosa hugeuka: sauti ndiyo itakayochelewa kufika kwenye kamera, nawe utairudisha picha nyuma, yaani ianze baadaye, kwa kiasi hichohicho.